Njia ya Kutokea na Anayeiandika

Miongoni mwa kazi za uandishi wa kiufundi zisizopewa sifa inayostahili ni ile ya kuhuisha nyaraka za kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maagizo ya mashine, na hasa sura zinazoeleza mtiririko wa utekelezaji, ambao ni mpangilio wa agizo lipi lifuate lipi, pamoja na hatua zinazochukuliwa hitilafu inapoukatiza. Njia ya kawaida hupitiwa kila siku, hivyo kosa katika maelezo yake hugunduliwa mapema. Njia ya hitilafu hupitiwa kwa nadra, na maelezo yake yaweza kukaa miaka mingi yakiwa si kweli tena, pasipo mtu kugutuka.

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita unaifahamu tofauti hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara, kama wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao, liliporomoka Nyangalata wilayani Kahama, na watano kati ya sita walionaswa walitolewa hai baada ya kukaa chini siku 41, kwa kuwa njia waliyoizoea ilikuwa imezibwa. Hata penye maandishi hatari haiishi: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, baadaye ukaingia chini ya ardhi, na badiliko la namna hiyo huubatilisha utaratibu wa dharura ingawa hakuna neno lake lililoguswa, maana aliye katika shimo la wazi hukimbilia barabara ya kupandia, ilhali aliye chini hana budi kujua chumba cha hifadhi kiko wapi na njia ya pili inatokea wapi.

Kwa upande wa kompaila, mradi wa LLVM, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, ulipambana na jambo kama hilo. Una agizo la mwito lenye njia mbili za kutokea, moja ya kazi iliyokwisha salama na nyingine ya hitilafu. Toleo la 3.0 la mwaka 2011 liliweka agizo mahususi mwanzoni mwa kipande cha msimbo kinachoipokea hitilafu, kwa sharti kwamba kipande hicho kisiingiwe kwa njia nyingine yoyote. Toleo la 3.8 la mwaka 2016 likaongeza maagizo mengine kwa ajili ya Windows, ambayo hushughulikia hitilafu kwa utaratibu wake. Kila mara, maelezo ya zamani yaliendelea kusomeka vizuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Mwandishi hodari wa sura hizi hasahihishi kwa kumbukumbu. Huandika programu fupi iliyokusudiwa kuharibika, akaitazama kompaila inavyoitafsiri, akafuatilia pia kazi ya usafi, yaani kufunga mafaili na kurudisha kumbukumbu ya mashine kabla ya kuondoka, sehemu ambayo wengi huipita kwa sentensi moja ya uvivu. Kisha hufuta. Kuongeza aya mpya ni rahisi kuliko kuiondoa ya zamani iliyoandikwa kwa ufasaha, lakini msomaji wa sura ya hitilafu aghalabu hufika akiwa amekwisha kukwama, wala hana nafasi ya kupatanisha aya mbili zinazopingana.