Boneti Iwe Baridi

Mnunuzi anayejua anachokifuata hafungui mlango kwanza. Huweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, tena mwezi wa saba, wakati Sumbawanga nzima imejikunyata ndani ya makoti, basi kuna mtu ameamka mapema kuipasha injini ili isiseme yaliyomo.

Fundi ninayeandika habari zake hapa haamki kupasha injini ya mtu. Kazi yake ni gereji, na mara mojamoja wenye magari humpa ayauze kwa niaba yao. Gari hulilaza nje usiku kucha, na asubuhi mnunuzi ndiye anayekabidhiwa ufunguo. "Washa wewe, kaka. Na mimi nasikiliza."

Safari hii ni Subaru Impreza WRX lililotoka Japani likiwa tayari limeshapita mikononi mwa vijana wa huko, kisha likaongezewa mambo na vijana wa kwetu. Injini yake ni EJ20 ya lita mbili: silinda nne zimelala, mbili kila upande, na tabo juu yake. Ikiwaka kwenye baridi, pistoni hugonga kidogo kwenye kuta za silinda. Mgeni wa Subaru husikia mlio huo akarudisha ufunguo. Fundi humwomba asubiri. Mlio wa pistoni hufifia injini ikipata moto, kwa sababu pistoni hutanuka na kukaa vizuri. Mlio wa beringi za konrodi ndio wa kuogopa, kwa kuwa huo huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi. Kwa hiyo wanasimama pale wawili, mikono mifukoni, dakika baada ya dakika, wala hakuna anayetaja bei.

Kuna sababu ya tabo kupendwa huku juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban asilimia 80 tu ya mgandamizo ule wa Dar es Salaam. Injini inayovuta pumzi yenyewe hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake ikifika hapa. Tabo huisindilia hewa, hivyo gari halichoki kiasi hicho. Lakini fundi haliachi jambo hilo likae kama sifa tupu. Anamweleza mnunuzi kwamba kusukuma hewa nyepesi ni kazi kubwa zaidi: tabo huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ya gari la pwani ili kupata matokeo yaleyale. Tabo lililoishi huku Ufipa si sawa na lililoishi Tanga, hata kama kilometa zinalingana.

Wafipa hawahitaji kufundishwa habari za moto na hewa. Wazee wao waliyeyusha chuma kwa malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kile kilirudiwa kwenye tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Nikimtazama fundi ameinama juu ya injini hii naona kazi ileile: kujua lini hewa iachwe ijivute na lini isukumwe, na moto unaweza kuvumiliwa kiasi gani.

Maana kinachoua injini hizi ni moto unaowaka kabla ya wakati wake. Kompyuta iliyopangwa kwa petroli ya bei ya juu ya Japani, yenye oktani karibu 100, ikilishwa petroli ya chini yake huku tabo limefunguliwa zaidi, pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Hapo ndipo daftari la fundi linapofunguliwa. Kila kilichobadilishwa kimeandikwa: intakula iliyohamishiwa mbele, egzosti pana, geji ya tabo, na kompyuta ilipangwa upya kwa mafuta gani. Kando ya kila kitu kuna jibu la swali moja: kilichotolewa kiko wapi? Kiko kwenye gunia, nyuma ya gereji. Springi fupi zilizolilaza gari chini amekwisha kuzitoa na kurudisha za kiwandani. Lami ya kwenda Tunduma inazistahimili. Ukiiacha lami ukashika njia ya vumbi kwenda vijijini, springi hizo ni kuvunja egzosti na kupasua sampo. Mwenye gari alilalamika kwamba alizinunua ghali. Fundi akamjibu kwamba hela ya kunogesha gari hairudi yote, na hilo nimeliona likiwa kweli kwa kila gari la namna hii.

Karatasi hazimchukui muda, ila hazikwepi. Namba ya injini, iliyopigwa juu ya bloku karibu na inapoungana na gia boksi, huifuta vumbi, akaimulika kwa tochi ya simu na kumtaka mnunuzi aisome kwa sauti huku yeye ameshika kadi ya gari. Magari haya hubadilishwa injini mara nyingi. Injini mpya isiyoingizwa kwenye kadi ni mzigo anaorithishwa mnunuzi.

Wanaolitamani gari hili ni wengi. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, na picha za magari yale ya bluu yenye ringi za dhahabu zilikaa kwenye kuta za vyumba vingi vya Afrika Mashariki. Fundi anazikumbuka pia. Hata hivyo nimemwona akimkatalia kijana mwenye fedha taslimu, aliyetaka gari la kushuka nalo Muze kila wiki akirudi na mchele. "Hili si lako, mdogo wangu. Tafuta Hilux." Kijana alinuna, na dalali aliyemleta alinuna zaidi.

Kwa aliyefaa, hutoka naye barabara ya Tunduma. Haendi mbio. Hupanda kilima kwa gia ya tatu, mguu umetulia, jicho kwenye geji, aone mshale unapanda na kukaa bila kuchezacheza. Wakirudi humzuia mkono kabla hajazima. Tabo hulainishwa na oili ya injini, na ukizima ghafla baada ya mlima, oili iliyobaki ndani huungua kwenye beringi zake. Aliache lingurume taratibu dakika moja au mbili. Oili ibadilishwe mapema, wala isiwe ya kupimiwa kwenye kopo. Petroli ijazwe kituo kile kile anachokiamini. Akiona mtu anayasikiliza hayo yote bila kuangalia simu, na pengine anauliza swali la pili, ndipo anapotaja bei.