"Kiwango cha Asidi" au "Kipimo cha pH"?

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kuhakikiwa ni hii ya "kiwango cha asidi", ambayo aghalabu hutumiwa badala ya pH. Kwa mtazamo wa haraka haina dosari: ni nyepesi, na mwanafunzi huishika upesi. Lakini tukiijaribu katika kazi, twaona kwamba hupotosha.

Tuchukue mathalani mkazi wa Kariakoo afugaye samaki wa baharini na matumbawe katika tangi la kioo nyumbani kwake. Maji ya bahari huwa na pH ya 8.1 hivi. Usiku, taa zikizimwa, mwani uishio ndani ya matumbawe huacha kutumia kabonidayoksaidi, ilhali viumbe vyote tangini vyaendelea kupumua. Ndipo pH hushuka. Tuseme imeshuka kutoka 8.2 hadi 7.9. Mfasiri akiandika kwamba "kiwango cha asidi kimeshuka", atakuwa amesema kinyume cha mambo yalivyo, kwani pH ishukapo asidi huzidi. Mfugaji akiyaamini maneno hayo ataongeza asidi ili kufidia upungufu usiokuwapo, na matumbawe, ambayo mifupa yake ni ya chokaa, yataangamia.

Wengine husema "maji yamekuwa asidi". Hili nalo si sahihi: 7.9 ingali juu ya 7, hivyo maji bado ni ya alikali. Wala tofauti ya 0.3 isidharauliwe. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Kwa hiyo ioni za haidrojeni zimekaribia kuongezeka maradufu. Ama neno "uchachu", hilo ni la ulimi, na maji ya bahari hayapimwi kwa kuonjwa.

Alama ya pH ilitokana na kazi ya mwanakemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909, na leo hutumiwa na mataifa yote. Sisi twapendekeza ibaki kama ilivyo, na istilahi iwe "kipimo cha pH". Mwalimu na mfasiri waongeze maelezo mafupi: "pH imeshuka, yaani asidi imezidi." Kiswahili hakipungukiwi na kitu kwa kupokea alama ya kimataifa, hupungukiwa pale neno lake linapomwelekeza msomaji kusiko.