Nukta Mbili na Mkono Unaotetemeka

Rimoti ya Wii, ile nyeupe iliyotolewa na Nintendo pamoja na mashine yao ya michezo Novemba 2006, haijui televisheni iko wapi. Wengi walioishika hudhani kwamba kile kipande chembamba kinachowekwa juu ya televisheni ndicho kinachoitazama rimoti. Mambo ni kinyume. Kipande hicho kimeuzwa miaka yote kwa jina la Sensor Bar, lakini hakihisi chochote. Ndani yake mna taa ndogo za infraredi, kundi moja kila upande, zinazotoa mwanga usioonekana kwa macho yetu. Anayetazama ni rimoti. Puani mwake, nyuma ya kioo cheusi, kuna kamera ndogo ya kampuni ya PixArt, na kamera hiyo haipigi picha ya sebule wala ya uso wa mtu. Inatafuta nukta zinazong'aa, zisizozidi 4, kisha inataja zilipo. Kizime kipande hicho, uwashe mishumaa miwili mezani, uitenganishe kama sentimita 20, na rimoti itaridhika kabisa.

Kwa hiyo mtu anayetaka rimoti hii iendeshe kompyuta yake, ikae mahali pa kipanya, anaanza na nukta mbili tu. Nimevutiwa siku nyingi na watu wanaoifanya kazi hii vizuri, kwa sababu wanajua kukitoa kila kilichomo ndani ya nukta hizo. Katikati ya nukta mbili ndipo mkono unapoelekea. Mstari unaoziunganisha ukiinama, mkono umepinda. Zikisogeleana, mtu amerudi nyuma. Zikiachana, amesogea mbele. Na kwa kuwa kamera ndiyo inayohama, mkono ukienda kulia nukta huenda kushoto, hivyo namba lazima igeuzwe kabla kishale hakijasogea kwenye skrini.

Lakini kabla ya hayo yote, rimoti na kompyuta zinatakiwa zijuane. Mawasiliano ni ya Bluetooth. Ukibonyeza vitufe vya 1 na 2 kwa pamoja, taa nne za chini zinamemeta na kwa sekunde 20 rimoti inakubali kutafutwa. Kwenye orodha ya kompyuta inajitokeza kwa jina la Nintendo RVL-CNT-01, herufi RVL zikiwa zimebaki kutoka siku ambazo mashine yenyewe ilikuwa bado inaitwa Revolution. Hapa ndipo wengi hukwama, maana kompyuta huomba namba ya siri na rimoti haina pa kuiandika wala kuionyesha. Waliochunguza waligundua kwamba namba hiyo ni anwani ya Bluetooth iliyopangwa kinyumenyume: ukitumia vitufe vya 1 na 2 ni anwani ya rimoti yenyewe, ukitumia kitufe chekundu kilicho chini ya kifuniko cha betri ni anwani ya kompyuta. Tena si namba unayoweza kuiandika kwa kibodi. Ni baiti sita ghafi, na programu ndiyo inayozipeleka.

Ikishaunganishwa, rimoti inakuwa mpole mno. Inatuma habari za vitufe peke yake, na haitasema neno juu ya kamera mpaka iulizwe. Maswali yenyewe ni mafupi sana. Ukiipelekea baiti mbili, 11 na 10, taa ya kwanza inawaka. 11 na 20, inawaka ya pili. Ukiipelekea 12, 04 na 33, umeiomba ikuletee mfululizo vitufe, mwendo na nukta za kamera, yote katika kifurushi kimoja. Kila nukta imefungwa ndani ya baiti 3: biti 10 za upana, biti 10 za urefu, na biti 4 zilizobaki za ukubwa wa mng'ao. Jumla biti 24, hakuna hata moja iliyoachwa bure. Aliyepanga hivyo alikuwa mtu makini.

Kamera nayo ina utaratibu wake wa kuamshwa. Unaiwasha, unaipa vipimo vya wepesi wake wa kuona mwanga, unaiambia itoe nukta kwa mpangilio gani, ndipo unaithibitishia kwamba ianze. Amri hizi haziruhusiwi kufuatana mbiombio. Ukizimimina bila kupumzika, mara kamera inabaki kimya, mara inaona nusunusu, na mtu anaweza kushinda mchana kutwa akitafuta kosa ndani ya programu isiyo na kosa. Dawa ni kuweka kituo kifupi, kama milisekunde 50, kati ya amri na amri. Nintendo hawakuchapisha mwongozo wowote wa mambo haya. Watu waliyajua kwa kukaa wakitazama yanayopita kati ya vifaa viwili, wakibadilisha baiti moja na kuona kimetokea nini, kisha wakawaandikia wenzao. Mapema kabisa zikapatikana programu za kila aina ya kompyuta: GlovePIE ya Carl Kenner kwenye Windows, DarwiinRemote ya Hiroaki Kimura kwenye Mac, CWiid ya L. Donnie Smith kwenye Linux, na maktaba ya Brian Peek kwa wanaojiandikia programu zao. GlovePIE awali ilitengenezwa kwa ajili ya glavu ya kuchezea michezo, ndiyo maana ilikuwa tayari imezoea mkono unaopeperuka hewani.

Mkono unaopeperuka hewani ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kipanya kinalala mezani, na meza inabeba uzito. Rimoti haibebwi na kitu zaidi ya mkono, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kabisa. Kamera inatoa habari mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila mtetemo unafika. Juu ya hapo, kipande chake cha kuonea kina madoa 128 kwa 96 tu, na kinakisia ndani ya kila doa mpaka kipate ngazi 1024 kwa 768. Skrini yenye pikseli 1920 ikigawiwa ngazi hizo, hatua moja ya kamera ni karibu pikseli mbili. Hali halisi ni mbaya zaidi, kwani nukta zote mbili zinatakiwa zionekane kwa wakati mmoja na kingo za kamera hazitumiki. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hukumbuka umbali na mlalo wa nukta, ili moja ikipotea ukingoni ikisiwe kwa kuangalia iliyobaki, na kishale kiendelee na safari yake bila kuruka.

Njia ya haraka ya kuzuia mtetemo ni kuchukua wastani wa vipimo vichache vilivyopita. Kishale kinatulia kweli, ila kinachelewa. Mkono umeshafika, chenyewe bado kiko njiani, na mtumiaji anajikuta anausubiri mkono wake mwenyewe. Ukipunguza wastani, uchelewaji unaondoka na mtetemo unarudi. Mwaka 2012 Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walitoa kichujio wanachokiita 1€ Filter, na sijaona jibu zuri kuliko hilo. Kinapima kwanza kasi ya mkono. Mkono ukienda polepole, mtu analenga kitu kidogo, basi kichujio kinakaza. Ukienda kasi, mtu anavuka skrini na mtetemo haumsumbui, basi kichujio kinalegea. Kina namba mbili tu za kurekebisha. Moja unaitafuta ukiwa umeshika rimoti bila kuisogeza, ukiipunguza mpaka kishale kiache kucheza. Ya pili unaitafuta ukiupeleka mkono huku na huku, ukiiongeza mpaka kishale kiache kubaki nyuma. Kazi ya dakika chache, lakini dakika hizo ndizo zinazoamua kama rimoti itatumika au itawekwa kabatini.

Kisha kuna suala la kubofya. Kidole gumba kikibonyeza A juu ya rimoti, pua inainama kidogo na kishale kinateleza nje ya kitu kilicholengwa. Naona afadhali kubofya kuwe kwa B, kitufe cha chini kinachovutwa na kidole cha shahada, kwa sababu gumba linakuwa juu likishikilia. Hata hivyo fundi mwangalifu huongeza jambo moja: kitufe kinapobonyezwa, kishale kinagandishwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndipo kinaachiwa. Mtumiaji hataligundua kamwe. Ataona tu kwamba analenga vizuri.

Aliyeonyesha mbali zaidi uwezo wa nukta hizi ni Johnny Chung Lee, wakati huo mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Yeye aliibandua rimoti mkononi. Mwishoni mwa 2007 aliiweka karibu na skrini na kuvaa taa mbili za infraredi kwenye miwani, na picha zikabadilika kufuata kichwa chake kana kwamba skrini ni dirisha. Ili kupata ubao wa kielektroniki, aliielekeza rimoti kwenye ukuta unaomulikwa na projekta, akaandika kwa kalamu yenye taa ya infraredi kwenye ncha, betri na kitufe. Mpangilio wa mwanzo ni kugusa pembe nne za picha, moja baada ya nyingine. Kwa nukta hizo nne programu inapata hesabu ya kunyoosha umbo lolote lililopindika, hata rimoti ikiwa imewekwa upande na inauona ubao kishazari. Rimoti iliuzwa Marekani kwa takriban dola 40, wakati mbao za kielektroniki za madarasani ziligharimu maelfu. Kilichobaki ni kuchagua pa kuiweka ili mwili wa anayeandika usiizibe kalamu.

Rimoti zilizofuata baada ya 2010 zilikuja na herufi TR mwishoni mwa jina, na programu nyingi za zamani zikashindwa kuzungumza nazo. Kwenye Linux njia imerahisika: tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, kiendeshi kilichoandikwa na David Herrmann kimo ndani ya mfumo wenyewe. Unaunganisha rimoti, na kompyuta inaiona kama vifaa vitatu, kimoja cha vitufe, kimoja cha mwendo, kimoja cha kamera. Nukta zinafika zikiwa ghafi, bila kugeuzwa, bila kuchujwa. Kugeuza, kuchuja na kugandisha bado ni kazi ya anayekaa mbele ya mashine.