Taji la Askari: Kitabu cha Tertullianus

Yapata mwaka 211, Tertullianus wa Karthago aliandika De corona. Siku ya kupokea zawadi ya Kaisari, askari mkristu alishika taji la majani mkononi, hakulivaa kichwani. Wenzake wakamcheka, akavua silaha, akafungwa. Mwanzo huo twausifu: maneno machache, ya nguvu. Halafu mwandishi atupitisha kwa miungu ya wapagani na mataji yao, hata twachoka. Swali lenyewe, kama mkristu aweza kuwa askari, lafika katika sura ya 11 tu, nazo zote ni 15! Tena wakristu waliovaa taji, Tertullianus awadharau upesi mno. Waliogopa amani yao isiharibike. Je, woga huo haukustahili jibu la upole? Naye mfungwa, kitabu hakitaji hata jina lake.