Nyimbo Nilizozisikiliza Tangu Mavuno

Mahindi yakiisha kuingizwa ghalani, watu wa Mwimbi hupata nafasi ya jioni. Baridi ya mwezi wa Juni na wa Julai huku juu Ufipa haimruhusu mtu kukaa nje muda mrefu. Basi twaingia ndani mapema, twakaa karibu na moto, na mwenye simu huitia katika bakuli tupu ili sauti yake iongezeke. Katika hali hiyo mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Mwalimu, siku hizi wasikiliza nini?" Nalimjibu kwa maneno mawili matatu tu, maana usingizi ulikuwa umenishika. Lakini swali lake halikuniacha, kwa sababu siku zile zile wanakwaya wetu walikuwa wakishauriana juu ya jambo nitakalolieleza mbele, nami niliona ya kuwa jibu langu kwa mwenzangu na jibu langu kwa kwaya ni moja.

Nyimbo zenyewe nilitiliwa katika kadi ya simu na kijana mmoja mwenye kibanda sokoni Sumbawanga. Nilimpa karatasi yenye majina ya nyimbo nilizozitaka. Akacheka, akasema hapana mtu aliyepata kumletea orodha kama ile. Hata hivyo akazitafuta zote, akazipata, kisha akaongeza na zake kumi na mbili bila kuulizwa. Hizo nitazinyamazia.

Ya kwanza katika orodha yangu ni Misa Luba. Si mpya, ilirekodiwa mwaka wa 1958. Ilitoka Kamina katika nchi ya Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikusanya wavulana wapatao 45 na walimu 15, wakaimba maneno ya Misa ya Kilatini kwa lahani za watu wa nchi ile, pamoja na ngoma zao. Natumaini wasomaji walio walimu wataiona hesabu hiyo: kwa kila wavulana watatu palikuwa na mwalimu mmoja aliyeimba pamoja nao, wala si aliyesimama mbele na fimbo tu. Hamna kinanda ndani yake. Sehemu kubwa haikuandikwa kwa nota kwanza, bali ilipatikana katika kuimba pamoja, mmoja akitangulia na wengine wakimpokea.

Sanctus ya Misa hiyo imefuata namna ya wimbo wa kuagana. Nimeisikiliza labda mara thelathini, na kila mara nakumbuka jinsi tunavyomsindikiza mgeni. Sauti zaanza chini, polepole, kama watu wanaotembea na mgeni wao mpaka mwisho wa mashamba, wala hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani. Kisha wafikapo kwenye Hosana mwendo wabadilika, ngoma zaingia kama za mchezo, na mtu aliyeketi hujikuta ameinua kichwa. Mimi sikufundishwa na mtu kwamba neno "Mtakatifu" laweza kuimbwa kama kuagana. Nalidhani sikuzote kuwa ni neno la kupigiwa tarumbeta. Tangu niisikie Misa hii, Jumapili nikifika mahali pale katika ibada nanyamaza kidogo kabla ya kufungua kinywa.

Lawama yangu juu yake ni moja. Maneno ni ya Kilatini, na mama aliyemzaa mwimbaji, ingawa aliijua lahani, hakuyajua maneno. Alipewa nusu ya chakula. Lakini ile nusu ilikuwa imepikwa vizuri kuliko vyakula vingi vizima ambavyo nimewahi kupewa.

Wengine watashangaa kusikia ya kuwa baada ya Misa namsikiliza Mbaraka Mwinshehe. Huyu alikuwa mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, tena akaunda bendi yake mwenyewe ya Super Volcano, akafa kwa ajali ya motokaa huko Mombasa mwaka wa 1979. Bendi ya Morogoro ilipelekwa hata Osaka, nchi ya Japani, katika maonyesho makuu ya mwaka wa 1970. Sina haja ya kuwatetea watu wa dansi kwa wasomaji wa gazeti hili. Nataka watazame jambo moja tu, nalo ni adabu ya gitaa. Mwimbaji anaposema, gitaa hunyamaza au husema chini. Mwimbaji anapomaliza sentensi, gitaa hujibu. Hivyo kila neno lasikika. Mtoto wangu wa miaka saba, ambaye hajui Morogoro iko wapi, aliweza kunisimulia habari ya wimbo wa "Shida" baada ya kuusikia mara mbili. Nilimwuliza vilevile juu ya wimbo wa kwaya tuliousikia Jumapili iliyotangulia. Akasema, "Ulikuwa na kelele nzuri."

Na Hukwe Zawose, Mgogo, aliyefariki mwaka wa 2003, namsikiliza usiku kabisa, watoto wakiisha kulala, kwa sababu ilimba yake yenye vyuma vingi haistahili kushindana na maongezi. Nikimsikiliza sipati maneno yote, maana ni Kigogo, na sauti yake hupanda mpaka mtu hudhani ni mwanamke aliyeingia, kisha hushuka chini ya sakafu. Sitasema mengi. Mwenye nafasi amtafute.

Sasa nafika kwenye jambo lenye uchungu kidogo. Katika kadi ile mna pia nyimbo za kwaya moja ya wilaya jirani, ambayo sitaitaja, watu wazuri ambao nimekula nao. Walichanga fedha miaka miwili, wakaenda mjini kurekodi. Nimezisikiliza nyimbo zao zote kumi, na imenilazimu kukiri kwamba nimesikia wimbo mmoja mara kumi. Kinanda cha umeme kina ngoma ndani yake. Fundi akiisha kubonyeza kitufe ngoma ile hupiga mwendo mmoja mpaka mwisho, haichoki wala haisikilizi. Wimbo wa maziko una mwendo ule ule wa wimbo wa harusi. Sauti ya nne, ambayo nawajua wanaoiimba kuwa ni wanaume wenye vifua vikubwa, haionekani kabisa. Imemezwa na kinanda. Na mwimbaji wa mbele amewekewa mwangwi kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima.

Lakini hayo ni makosa ya fundi. Kosa la mtungaji ndilo linaloniuma zaidi, nalo tumelirithi. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema Mwo-KO-zi, ba-RA-ka, ne-E-ma. Wazee wetu walipofundishwa nyimbo zilizotoka Ulaya, maneno ya Kiswahili yalitiwa katika lahani zilizokwisha kutungwa kwa maneno ya Kijerumani au ya Kiingereza au ya Kifaransa, na mara nyingi sauti kuu ya lahani iliangukia silabi isiyostahili. Hivyo Mwokozi akawa Mwoko-ZI, na kwa kuwa tulizaliwa tukisikia hivyo, hatustuki. Tena mkazo si pambo tu. Kila mtoto wa shule ajua ya kuwa bara-BA-ra ni njia, na ba-RA-bara ni sawasawa kabisa. Katika lugha nyingi za Kibantu mambo ni makali zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kugeuza neno likawa jingine. Wageni walioleta nyimbo zile walikuwa na udhuru, kwani Kiswahili kilikuwa kigeni kwao. Mtungaji wa leo, aliyenyonya Bantu pamoja na maziwa ya mama yake, ana udhuru gani akitunga lahani mpya kwa mkazo wa kigeni?

Wala si kwamba hakuna aliyetuonyesha njia. Mwaka wa 1963, mwezi wa Desemba, Mtaguso wa Vatikano uliandika wazi katika hati yake juu ya Liturujia kwamba nchi za misioni zina muziki wao wenyewe, nao upewe heshima na nafasi yake. Mwaka ule ule Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha kitabu kwa Kiingereza juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Naye kabla ya hapo alikwisha kutunga Misa Baba Yetu. Yaani hoja hii ilisemwa na mtu wetu, kwa elimu kamili, zamani za babu zetu.

Tena upo wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya." Sisi wa Ufipa wengi wetu ni Wakatoliki, lakini wimbo huo ni wa Mlutheri, Bernard Kyamanywa, aliyeutunga mwaka wa 1966 alipokuwa mwanafunzi wa theolojia huko Makumira, karibu na Arusha. Lahani yake ni ya nchi hii. Mmoja hutangulia na wote humpokea, na maneno hukaa katika sauti zake kama mguu katika kiatu chake mwenyewe. Makumira alikuwako pia mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyekusanya nyimbo za namna hiyo na kuzitia katika Kiingereza. Leo wimbo ule umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, nambari 116, kwa maneno ya Kijerumani. Fikirini jambo hilo. Kwa miaka mingi sisi tulichukua lahani zao tukalazimisha maneno yetu ndani. Na safari hii wao wamechukua lahani yetu. Sijui kama mkazo wa Kijerumani unaumia humo. Ukiumia, tumelipana.

Nimesema kwamba palikuwa na shauri katika kwaya yetu, nalo ni hili. Tuko ishirini na sita. Mavuno ya mwaka huu yalikuwa mema, na wengi wataka kila mtu atoe gunia moja la mahindi, tuuze, tununue kinanda cha umeme kama cha wale jirani, kisha twende kurekodi. Mimi nalisimama nikapinga, nikasema mengi ya hayo niliyoyaandika hapa, na labda kwa ukali kupita kiasi. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa mpaka nikajiona nimeshinda.

Ndipo akasimama binti mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye nilimfundisha kusoma. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Hao watoto wa Kamina uliwasikia kwa nini? Si kwa mashine? Kama wasingerekodiwa, wewe ungewajua?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Akaendelea, akasema kwamba kila wimbo wetu mrefu huanza juu na kuisha chini, maana hatuna cha kutushikilia, na kwamba nyimbo za mababu ninazozisifu hakuna aliyewafundisha wao vijana. Walipozaliwa walikuta kinanda tu.

Hilo la mwisho lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Bibi yangu alikuwa na nyimbo za kulimia ulezi ambazo hata mimi nakumbuka vipande tu. Nalikuwa na miaka ya kuzichukua, sikuzichukua. Nalikuwa nikijifunza nota.

Basi sipingi tena kurekodi. Juu ya kinanda bado napinga, ila nimeshusha madai yangu. Kikinunuliwa, kitupe sauti ya kuanzia na kutushikilia, na ile ngoma yake ya ndani isibonyezwe, kwani tunazo ngoma na wapigaji wenye masikio. Na kabla ya kupeleka wimbo wowote mjini, mtungaji ausome kwanza kwa mdomo mbele yetu, kama mtu anayezungumza, tusikie mkazo unaanguka wapi. Nimesema pia kwamba gunia langu nitalitoa kwa vyovyote, wasije wakadhani naitetea ghala yangu.

Alhamisi jioni tunakutana tena. Katibu amenitaka nilete ile kadi, waisikilize Sanctus ya Kamina kabla ya kupiga kura, na yule binti ameomba tuanze na "Shida." Nimeazima spika kwa jirani yangu, naye ameniambia betri yake hudumu saa mbili tu.