Jasho na Muda: Uhakiki wa Bokujō Monogatari na Chipukizi Zake

Bokujō Monogatari ni mchezo wa video uliotolewa Japani mwaka 1996, ukauzwa Marekani kwa jina la Harvest Moon. Mbunifu wake, Yasuhiro Wada, alikulia Miyazaki, kusini mwa Japani, kabla ya kuhamia Tokyo. Naye alikusudia kubuni mchezo usiotegemea vita. Ni rahisi kuuhesabu kuwa sifa tupu za maisha ya shamba. Maoni hayo hugusa maudhui ya juujuu tu. Dhamira yake kuu ni uhaba wa muda, nayo imebebwa na fani yenyewe kuliko maneno ya wahusika.

Kijana hukabidhiwa shamba la babu lililoota magugu. Amepewa miaka miwili na nusu, kisha wazazi hurejea na kuipima kazi yake. Kila msimu una siku 30, na nguvu zake hupungua kwa kila pigo la jembe. Anayemaliza nguvu kwa kumwagilia hana za kupasulia kuni. Anayeshinda mjini na mchumba huacha kondeni kazi isiyotendwa. Kuchagua huko ndiko kunakolipa jasho thamani.

Chipukizi za mchezo huu zafaa kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Rune Factory, ya mwaka 2006, iliurudisha upanga ambao Wada aliuweka kando. Tena mazimwi yaliyofugwa humwagilia na kuvuna kwa niaba ya mkulima. Shamba limebaki, lakini kazi imehamia kwa wengine, na kwa hiyo mavuno hayasimulii tena habari za aliyeyapanda.

Stardew Valley, iliyotungwa na Mmarekani Eric Barone peke yake na kutolewa mwaka 2016, ni mrithi wa kiroho, si wa kisheria. Ndiyo chipukizi iliyokomaa zaidi, na ndiyo yenye mgongano mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu mzuka wa babu huja kutoa hukumu, kama wazazi wa awali. Lakini mchezaji aweza kuomba apimwe upya. Hukumu isiyokoma kukatiwa rufaa hupoteza uzito wake.

Mgongano wa pili ni wa kiitikadi. Mhusika huikimbia kampuni ya Joja, kisha hutakiwa kuchagua: ama alikarabati jumba la jamii kwa kutoa mazao, samaki na madini, ama alipe 5,000 awe mwanachama wa Joja, na jumba ligeuzwe ghala. Hapa ubunifu ni wa hali ya juu, kwani jasho na fedha vimewekwa uso kwa uso. Hata hivyo, sanduku la mauzo lililo shambani hununua karibu kila kitu, na bei haishuki hata mkulima akileta maboga elfu kwa siku moja. Kazi inayomlaani mfanyabiashara mkubwa imelificha soko lenyewe.

Yamkini itajibiwa kwamba huu ni mchezo tu, na burudani haidaiwi uhalisia. Jibu hilo halitoshi. Kinachoachwa nje ya utunzi ni sehemu ya maana yake. Wada aliiacha vita, lakini hakuuacha ukomo. Na ukomo ndio uliomfanya mkulima wake awe mtu, si mkono wa kuvuna tu.