Kasri la Mfalme katika Hekaya: Lipi Zuri, Lipi Pambo Tu

Hekaya za mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya Zama za Kati zimejaa makasri. Shujaa haendi mbali msituni kabla hajaona mnara, na msimulizi asiye na la kusema hapo huanza kumwaga mali: nguzo za marumaru, mazulia, vikombe vya dhahabu, watumishi wasiohesabika. Msomaji mgeni huduwaa na kudhani ameonyeshwa kitu. Mimi nina jaribio moja: nalifuta kasri, kisha naitazama hadithi. Ikiendelea kama kawaida, lile lilikuwa pambo. Ikianguka, hapo kuna fundi.

Anza ukaguzi langoni. Mfaransa Chrétien de Troyes, aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 12, ana lango ambalo bado sijaona la kulishinda. Shujaa wake Yvain amemjeruhi vibaya bwana anayelinda chemchemi ya ajabu, naye anamfukuza mpaka ndani ya ngome yake. Mlangoni pametegwa mtambo, na Chrétien mwenyewe anaufananisha na mtego wa panya. Farasi anaukanyaga, lango la chuma linaporomoka kutoka juu, linamkata mnyama vipande viwili nyuma tu ya tandiko, na kuondoka na vile vyuma vya kumchomea farasi vilivyofungwa visiginoni mwa Yvain. Mbele yake lango la pili nalo limeshashuka nyuma ya yule bwana. Shujaa amenaswa katikati.

Angalia sasa jengo hilo linavyotumika. Msichana Lunete, mtumishi wa bibi wa ngome, anampa Yvain pete ya kumfanya asionekane. Watu wanaingia kumsaka. Farasi aliyekatwa wanamwona, mpandaji wake hawamwoni. Maiti ya bwana wao inapopitishwa hapo, majeraha yanaanza kutoka damu upya, dalili kwamba muuaji yu karibu, na wao wanazidi kupapasa na kupiga ovyo kwa fimbo. Kisha, kupitia dirisha, Yvain anamtazama mjane, Laudine, akijirarua kwa majonzi, na anampenda kufa na kupona. Haupiti muda mrefu anakuwa mume wake. Lango, chumba, dirisha: kila kimoja kimemsukuma mahali ambapo kwa miguu yake asingefika. Urefu wa kuta hatukuuhitaji.

Ukumbi wa mfalme una kipimo chake. Arthur ana desturi ya kutokula siku ya sikukuu kabla hajasikia au kuona jambo la ajabu, kwa hiyo ukumbi wake ni mahali pa kungojea. Katika utenzi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 14 kuhusu Gawain, mtu wa kijani kibichi, ngozi na nywele, anaingia karamuni kwenye mwaka mpya akiwa juu ya farasi, shoka mkononi. Sifa hutafutwa nje, na walioshindwa huko nje hutumwa kwa Arthur kujisalimisha na kueleza yaliyowapata. Ukumbi wa namna hii unafaa kuelezwa kwa uchache. Thomas Malory, ambaye kitabu chake kilichapwa na William Caxton mwaka 1485, anasema Camelot, makao ya Arthur, ndiyo Winchester, kisha anaendelea na safari zake. Ni kweli kwamba pale Winchester imetundikwa ukutani meza ya duara, mbao za karne ya 13 zilizopakwa rangi enzi ya Henry VIII. Nenda ukaione ukipata nafasi, lakini usidhani itakusaidia kumsoma Malory.

Tintagel, kwenye majabali ya Cornwall, inafundisha zaidi. Geoffrey wa Monmouth, akiandika mnamo 1136, anasema njia ya kuifikia ni nyembamba kiasi kwamba watu watatu wenye silaha wangeweza kulizuia jeshi. Faida ya sentensi hiyo moja ni kubwa: mfalme Uther hawezi kuingia kwa nguvu kumfikia mke wa mwenye ngome, hivyo mchawi Merlin anambadilisha sura afanane na huyo mume, na usiku huo mimba ya Arthur inatungwa. Panua njia ile, na Arthur hazaliwi. Takriban miaka 100 baadaye Richard, mdogo wake mfalme Henry III, alijenga ngome halisi juu ya jabali hilo, mahali pasipo na faida kubwa ya kivita. Alikuwa msomaji mzuri, au angalau mwenye pesa.

Vyumba vya kulala, watu huviruka, na wanakosea. Katika utenzi ule, Gawain ni mgeni kasrini; mwenyeji wake huenda kuwinda siku tatu, paa, nguruwe mwitu, kisha mbweha, huku bibi wa nyumba akimjia mgeni kitandani. Asubuhi ya kwanza Gawain anasikia mlango, anainua ncha ya pazia, anamwona bibi, na analala tena akijifanya amesinzia. Shujaa aliyekubali kukatwa kichwa na yule mtu wa kijani anajificha ndani ya shuka! Jioni Gawain na mwenyeji wake, kama walivyoahidiana, hubadilishana walichopata: nyama kwa busu. Mtunzi alishatudokeza mapema aliposema kasri hilo lilionekana kama limekatwa kwa karatasi. Anayelipita dokezo hilo atashangaa mwishoni.

Uliza pia nani anayelipia. Wengi hawasemi. Chrétien anasema: katika ngome nyingine ya hekaya ya Yvain wamo wasichana 300 wanaofuma hariri wakiwa na nguo zilizochakaa na njaa usoni. Kwa kila pauni ya kazi yao wanapata dinari nne, na pauni ilikuwa dinari 240. Humo humo, kwa bwana wao tajiri, chakula kinaletwa na watumishi. Kurasa hizo nazithamini kuliko makasri yote ya vito.

Mwisho, kagua namna ya kutoka. Perceval, shujaa wa hekaya nyingine ya Chrétien, analala kwa Mfalme Mvuvi baada ya kuuona mkuki unaovuja damu na kutouliza neno. Asubuhi nyumba haina mtu. Daraja linainuliwa farasi akiwa bado juu yake, na isingekuwa kuruka kwake wangeumia wote wawili. Chrétien hakuimaliza hekaya hiyo. Waliokuja kuiendeleza waliirudia nyumba ile na kuijaza maelezo, na kila walipoeleza ndivyo ilivyopungua uzito. Soma cha kwake kwanza, kisha nyongeza zao, ukiwa na lile jaribio la kufuta mkononi.